Miaka Minne ya Kuangalia Mikono ya Fundi

Habari ya kifo chake niliipata kwenye simu, ikiwa imebanwa kati ya picha ya keki ya harusi na tangazo la kiwanja kinachouzwa Nyalikungu, kule Maswa. "Yule fundi wetu wa nyuma ya soko hatunaye tena," aliandika mjumbe mmoja wa kundi letu la watumishi na wastaafu wa Bariadi, na chini yake zikamiminika alama za viganja vya sala mpaka nikachoka kuzisukuma kwa kidole. Nililitazama lile neno "wetu", nikasonya peke yangu sebuleni. Wetu tangu lini? Mtu alikuwa na mke, alikuwa na watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, alikuwa na mdogo wake anayelima pamba na dengu, alikuwa na ukoo mzima upande wa Itilima. Hao ndio wenye haki ya kusema "wetu". Sisi tulikuwa watu tuliokaa kwenye benchi lake tukimwangalia akifanya kazi, basi. Wasomaji wa safu hii mnaoujua ulimi wangu msitegemee niulainishe leo kwa sababu kuna msiba. Juu ya marehemu nina neno baya moja au mawili, na nitayasema. Dharau yangu yote nimewawekea waliobaki, na nikimaliza kuwataja mtaniona na mimi nimo, nimekaa mwisho wa benchi, nimekunja nne.

Kwa asiyemfahamu, alikuwa fundi wa vitu vya chuma vya zamani: cherehani za miguu, saa za ukutani za kukaza kwa ufunguo, mizani, karabai, taipureta, na baiskeli zenye umri mkubwa kuliko waendeshaji wake. Ufundi aliupata ujanani kwenye karakana ya kinu kimoja cha kuchambulia pamba, na kinu kilipofungwa alitoka na sanduku la spana akafungua kibanda cha mabati nyuma ya soko. Hakuwa mtu mtamu. Salamu aliitikia bila kuinua uso, "mwadila, mwadila," hata kama umekuja na suti na gari la serikali. Alitema mate ovyo, alichukia maswali, na aliyemsogelea hadi kumzibia mwanga alipata kiwiko cha mbavu bila kuombwa radhi. Lakini alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mwingine. Mezani alitandaza gunia safi la pamba, moja tu, na kila alichokifungua alikilaza juu yake kwa mpangilio, cha kwanza kushoto kabisa, cha pili kando yake, mpaka gunia lijae kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akishaosha kila kipande kwa mafuta ya taa na kukirudisha mahali pake pale pale kwenye gunia, alianza kufunga kutoka kulia kwenda kushoto. Hakuandika, hakupiga picha. Gunia lilikuwa ndiyo kumbukumbu yake, na hakuwahi kuwa na magunia mawili mezani.

Sasa njoo kwetu. Sijui nani alianza, lakini mimi nilianza nilipostaafu, nikakuta benchi limeshajaa. Alikuwepo ofisa mmoja ambaye sitasema wa idara gani, anayeacha wananchi wamekaa koridoni kwake na mafaili mapajani, anatoka na kusema "nafika hapo nje mara moja", na hapo nje ndipo kwenye kibanda cha fundi. Walikuwepo walimu wakati wa likizo na wakati usio wa likizo. Alikuwepo mfanyabiashara wa dagaa kutoka Lamadi, ambaye kila akileta mzigo sokoni alikaa saa nzima na harufu yake, akinyanyuka mara moja moja kupiga simu. Wengi wetu tulikuwa wageni wa mkoa huu, tumeletwa na barua za uhamisho, na ugonjwa huu wa kutazama tulikuwa tumeshaupata kwenye simu. Mnazijua zile video: mikono ya mtu asiyeonekana uso, shoka lililooza kwa kutu, msasa, mafuta, na baada ya dakika kumi shoka linang'aa na watu mamilioni wanashusha pumzi. Kwa fundi tulipata kitu kile kile bila kununua bando. Kutu ikidondoka tuliguna "aaah" kwa pamoja. Skrubu iliyogoma ikilegea, watu wazima tulipeana mikono, kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyeilegeza.

Nimefikiri sana kwa nini ilitupendeza vile, na jibu nililolipata halitupambi. Maisha yetu yote tumefanya kazi ambazo haziishi. Barua inakwenda wilayani, inarudi ikitaka kiambatisho, inakwenda tena, anahamishwa aliyeiomba, anakuja mwingine anauliza hii barua ni ya nini. Mtu anastaafu baada ya miaka thelathini na hawezi kukuonyesha kitu kimoja akasema hiki kilikuwa kibovu nikakitengeneza. Kwa fundi, kitu kiliingia asubuhi kimekufa, na jua likielekea magharibi kinazunguka. Ulikiona chanzo, ukaona na mwisho, hapo hapo ulipokaa. Hiyo ni raha ya haki kabisa, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tuliondoka pale na uchovu wa watu waliofanya kazi. Nakumbuka nilikuwa naingia nyumbani nikimwambia mke wangu, "Leo tumehangaika na taipureta, acha kabisa," na mke wangu, ambaye siku nzima alikuwa amefua mashuka kwa mkono, ananiwekea maji ya kuoga.

Ubaya wa watazamaji ni kwamba kadiri wanavyozoea, ndivyo wanavyotaka kupendezwa zaidi. Kitu kilichotukera kwa fundi ni kwamba hakung'arisha. Alisafisha pale panapozunguka, pale chuma kinapokutana na chuma, lakini nje alikuacha na kutu yako na rangi yako iliyobabuka. Yule ofisa mpenda benchi alileta karabai aliyoiokota sijui kwenye stoo gani. Fundi aliihangaikia siku mbili, akabadilisha ngozi ya pampu, akazibua tundu la mafuta kwa uzi mmoja wa waya, akaipampu na kuiwasha mchana kweupe mbele ya kila mtu. Taa ilinguruma, tukapiga makofi. Akaizima, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akamkabidhi mwenyewe ikiwa bado nyeusi kama ilivyokuja.

"Mbona hujaing'arisha?" ofisa aliuliza.

"Ulikuja na taa isiyowaka," fundi alisema. "Sasa inawaka."

"Lakini ile ya kwenye video waliing'arisha mpaka unajiona uso."

"Uso wako unataka kuuona kwenye taa kwa nini? Kwako hakuna kioo?"

Benchi zima lilicheka, na ofisa akacheka kwa shida. Akasema ataipitia kesho. Hakuipitia kesho, wala mwezi uliofuata. Na hapo nikaanza kugundua jambo ambalo fundi alikuwa ameligundua zamani: kwamba sisi tulikuwa tunaleta vitu ili tuone vikitengenezwa, na vikishatengenezwa hatuna haja navyo. Mwalimu mmoja alinunua pasi ya mkaa mnadani, akaileta, akaifurahia kuanzia bawaba hadi mpini, akaiacha. Nyumbani kwake anapiga pasi ya umeme. Ubao wa rafu za fundi ulianza kupinda kwa vitu vizima visivyo na wenyewe. Kila jioni alipofunga alituambia, bila kumtazama mtu, "Chukueni vyombo vyenu. Kitu kikishapona kinataka kwenda kufanya kazi." Tuliitikia kwa heshima sana na kuondoka mikono mitupu. Neno baya la kwanza nililonalo juu ya marehemu ni hili: angetufukuza. Angechukua spana namba kumi na saba akatutimua wote na benchi letu. Alikuwa mkali kwa maneno tu, na maneno makali tuliyafanya sehemu ya burudani. Tuliyarudia jioni kwenye bia, tukiigiza sauti yake.

Alikuwa na sheria moja ya foleni, na wote tuliijua. Kinacholisha kwanza. Ukileta saa ya kupamba ukuta, na nyuma yako akaja mtu na mizani ya dukani kwake au cherehani anayoshonea, wewe utasubiri hata kama ulifika alfajiri. Alikuwa hajadili hilo. Mwishoni mwa mwaka uliopita, mvua za kwanza zikiwa zimeshashika, alikuja mama mmoja kutoka Migato, amepakizwa kwenye bodaboda, amepakata kichwa cha cherehani kwenye kiroba kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa mshonaji wa sare za shule kijijini kwao. Wazazi wa huko wakishauza pamba wanampelekea kitambaa, na kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi shule zinapofunguliwa anashona bila kuinua shingo. Mwaka ule mashine ilikuwa imegoma, vitambaa vimejaa ndani kwake, na kila siku mzazi mmoja anapita kuulizia.

"Baba, mimi mikono yangu ni hii," alimwambia fundi, akikiweka kiroba mezani. "Hii ikikaa, nyumbani tunakaa."

Fundi alilizungusha gurudumu, akasikiliza kwa sikio lililokaribia kugusa chuma. "Haijafa, mayu. Imekabwa tu. Njoo Jumamosi."

Akaanza pale pale. Yule mama hakuondoka mara moja kwa sababu bodaboda yake ilikuwa imekwenda kujaza mafuta, kwa hiyo alisimama kando ya meza, siyo kwenye benchi, na akatazama fundi akifungua. Mara mbili alimuuliza jambo, na mara mbili fundi, aliyekuwa anachukia maswali, alimjibu. Sisi benchini tulipiga miayo. Cherehani tulikuwa tumeshaziona nyingi mno. Bodaboda iliporudi akashukuru, "Wabeja, baba," akaenda zake, na nyuma yake vipande vya mashine yake vikawa vimejaza gunia kutoka kushoto hadi kulia, vimeoshwa, vinasubiri kufungwa kesho yake.

Kesho yake nilikuja na saa yangu. Naomba msome taratibu hapa, maana ndilo jambo lililonifanya niandike. Ni saa ya ukutani ya baba yangu, ya mbao, yenye mlango wa kioo na kile kisahani kinachoning'inia na kuyumba. Imesimama tangu nikiwa kijana. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimelitayarisha benchi zima kwa ajili yake, nimewaambia ina kengele, ina springi mbili, haijawahi kufunguliwa. Siku hiyo wote walikuwepo, hata yule wa dagaa alikuwa amechelewesha safari ya kurudi Lamadi. Na pale mezani kulikuwa na cherehani ya watu. Nilimwona ofisa akinitazama kama mtu aliyeahidiwa pilau akaletewa uji. Ndipo nikamsogelea fundi nikamwambia kwamba saa ile ni zawadi, kuna mwenzetu anaagwa Ijumaa, ukumbi umeshalipiwa, kadi zimeshagawiwa, na saa isipopona itakuwa aibu kwa ofisi nzima.

Fundi alinitazama usoni, jambo alilokuwa halifanyi mara kwa mara. "Kweli, afisa?"

"Kweli kabisa."

Hapakuwa na mtu anayeagwa. Hapakuwa na ukumbi wala kadi. Niliutunga uongo ule nikiwa nimesimama, na ulinitoka kwa urahisi wa mtu aliyeandika taarifa za utekelezaji miaka thelathini. Fundi alilitazama gunia lake. Kisha akachukua kopo la rangi lililokuwa tupu, akainua pembe za gunia, akamimina vipande vyote vya cherehani ya yule mama ndani ya kopo. Nilivisikia vikigongana. Neno langu baya la pili juu ya marehemu ni hilo, kwamba aliniamini. Alivunja sheria yake kwa kumheshimu mtu aliyekuwa na ofisi, kama watu wa hapa walivyolelewa kufanya, na mimi nililijua hilo na nililitumia. Akalitandaza gunia upya, akafungua saa yangu, na siku mbili zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kukaa pale. Kengele ilipolia mara ya kwanza, ofisa alikuwa na machozi. Nikasema nitaipitia, nikaondoka mikono mitupu.

Jumamosi yule mama alikuja kutoka Migato akaambiwa arudi Jumamosi nyingine. Nilikuwepo. Fundi hakumweleza sababu, alisema tu, "Nisamehe, mayu, nimechelewa mimi," na kwa mara ya kwanza nilimwona akiongea na mteja huku akiangalia chini. Mama alilitazama kopo, akatutazama sisi, akarudi kwenye bodaboda. Jumatatu fundi alifika kibandani akiwa na mkono wa kulia uliolegea, akajaribu kushika bisibisi ikaanguka, akaiokota ikaanguka tena. Tulimwambia akapumzike. Walimpeleka hospitali mchana wa siku hiyo, wakasema ni kiharusi, na Alhamisi zile alama za viganja vya sala zikaanza kumiminika kwenye simu yangu.

Mazishini tulijaa. Alizikwa nyumbani kwao, mwendo wa kama nusu saa kutoka mjini, na magari yetu yalizidi ng'ombe waliokuwa wamefungwa pale. Nisingependa kukumbuka hotuba, lakini lazima. Tumepoteza hazina. Taifa limepoteza maktaba. Ofisa mwenye karabai alisema yeye alikuwa mteja wa karibu sana wa marehemu na kwamba ujuzi kama ule unapaswa kuenziwa, na nilimwona mwalimu mwenye pasi ya mkaa akitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Huwezi kuwa na dharau ya kutosha kwa watu wa namna hii, na ninasema hivyo nikijua nilikuwa nimekaa katikati yao nikitikisa changu. Baada ya kaburi kufunikwa, mdogo wake marehemu alisimama kusema maneno ambayo familia husema siku hiyo, kwamba mwenye lake na marehemu asilifiche. Kisha akaongeza, "Na wenye vyombo vyao pale kibandani, mje kesho asubuhi. Mwenye kibanda anakitaka kibanda chake."

Tulikuja, tena mapema. Msidhani tulikuja kuchukua. Kibanda kinafunguliwa, rafu zinashushwa, vitu vinatolewa kimoja kimoja. Hilo nalo ni jambo la kutazama, na wawili walikuwa wameshainua simu. Mdogo mtu alisimama mlangoni akiinua chombo kimoja baada ya kingine. Karabai hii ya nani? Ofisa akaangalia viatu vyake. Pasi hii? Mwalimu akajifanya anapokea simu. Tuliosimama pale sote tulikuwa wenye vyombo hivyo, na hakuna aliyefungua mdomo, maana kusema "ni yangu" mbele ya mfiwa ni kukiri kwamba ulimfanyisha mzee kazi ya kukuburudisha. Mzigo wa chuma chakavu ulikuwa unakua pale chini. Ikaja saa ya baba yangu. "Na hii?" aliuliza, akaigeuza, na kengele ikalia mara moja kwa kutikiswa. Niliangalia bati la paa. Nilikuwa na sababu yangu: yule mama wa Migato alikuwa amefika, amesimama hatua mbili kutoka kwangu na kiroba chake kitupu.

Yeye hakusubiri kuulizwa. "Mwangaluka. Mimi nina cherehani yangu humo," alisema, akaingia. Akapewa kichwa cha mashine, akapewa na kopo. Akaketi chini, akakitandaza kiroba, akamimina vile vipande juu yake, na akaanza kuvipanga. Watu walisogea. Kwa ile mara moja tu aliyosimama kando ya meza akisubiri bodaboda, alikuwa ameshika mwanzo wake: alikitia kipande cha kwanza, cha pili, akakisogeza cha tatu mpaka kikakaa, akazungusha gurudumu kikazunguka. Nilisikia mtu nyuma yangu akiguna "aaah" kwa raha. Kisha mama akakwama. Alikuwa ameshika kipande cha chuma kilichopinda, kidogo kama ukucha, akakijaribu huku na kule, hakikai. Akainua uso.

"Ninyi wababa nasikia mlikuwa mnakaa hapa kila siku."

"Ndiyo, mayu," alijibu ofisa, na nadhani kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Miaka."

"Vizuri. Basi nisaidieni. Hiki kinaingia wapi?"

Ofisa alikipokea. Alikigeuza, akakipuliza, akakiinua juu kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya fundi, akampa mwalimu. Mwalimu akakigeuza, akampa wa dagaa. Kilipita benchi zima, mkono kwa mkono, kila mmoja akikunja uso wa mtaalamu, mpaka kikafika kwangu. Kile kipande nilikuwa nimekiona kikitolewa kwenye cherehani zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka. Nilikumbuka kucha ya gumba la fundi ikikinyanyua. Nilikumbuka sauti yake kikitua. Ningeweza kukisimulia kikuvutie. Mahali kinapoingia sikupajua, wala sikuwahi kutaka kupajua. Nikamrudishia.

"Sasa mlikuwa mnaangalia nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira, alitaka kujua kweli. Kisha akavikusanya vipande vyake, akavirudisha kwenye kopo, akafunga kiroba.

Nilimfuata mpaka kwenye bodaboda. Hapo ndipo nilipofungua mdomo, palipokuwa hapana watu. Nilimwambia saa ile ni yangu, na kwamba kwa ajili yake mashine yake ilitolewa mezani, na kwamba sababu niliyompa fundi ilikuwa uongo. Nikasema nitamnunulia cherehani mpya wiki hiyo hiyo. Alinisikiliza akiwa ameshapanda, amelipakata kopo.

"Mashine ninayo, baba," alisema. "Niliyemkosa ni mtu. Saa yako imepona?"

"Imepona, mayu."

"Basi ichukue," akasema, na dereva akawasha pikipiki.

Shule zimefunguliwa. Mafundi watatu nimewafuata tangu siku ile, wawili hapa mjini na mmoja Maswa, na wote wameniambia nikamshauri mama anunue ya kisasa. Watoto wa kwao wamekwenda shule na sare za mwaka jana zilizowabana, au za dukani zinazofumuka mshono kabla ya mwezi kwisha, na vitambaa vyao bado viko ndani kwa mshonaji vimekunjwa. Kundi letu la simu limeshapata video mpya, ya mtu anayefufua feni. Sitawaambia muache kuangalia watu wanaojua kazi. Ni jambo zuri na litabaki zuri. Lakini unayekaa kwenye benchi la fundi, chukua kilicho chako kikishapona, usile zamu ya anayekula kwa kazi hiyo, na ukiendelea kukaa, kaa kama mtu atakayeulizwa siku fundi asipokuwepo. Mimi niliulizwa kitu kimoja, kidogo kama ukucha, baada ya miaka minne, na sikujua.